Mtawa, Zimwi na Pwani Isiyotajwa: Kumsoma João dos Santos kutoka Kwale

Miongoni mwa vitabu vilivyotumika kuijenga historia ya pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16, ni vichache vilivyochotwa mara nyingi kama Ethiopia Oriental, kazi ya mtawa wa Kidominika João dos Santos, iliyopigwa chapa katika mji wa Évora, nchini Ureno, mwaka 1609. Samuel Purchas alikifupisha kwa Kiingereza mapema mwaka 1625, G. M. Theal alichapisha tafsiri ya sehemu yake kubwa mwaka 1901, Justus Strandes alikitegemea katika kitabu chake cha 1899 juu ya enzi ya Wareno, na G. S. P. Freeman-Grenville alikipa nafasi katika mkusanyo wake wa nyaraka za pwani wa 1962. Kwa njia hiyo Wazimba, wale "walawatu" wanaosemekana kuifyeka Kilwa na kuimaliza Mombasa kati ya 1587 na 1589, wamepita kutoka kalamu ya mtawa mmoja hadi vitabu vya kiada, na kutoka hapo hadi midomo ya walimu na wanafunzi, pasipo mtu kuuliza sana juu ya kalamu yenyewe.

Kosa la matumizi hayo si kukiamini kitabu. Kosa ni kukifanya machimbo: kila mtafiti huja na nyundo yake, akamega jiwe alitakalo, akaondoka bila kukitazama kilima. Makala haya yanakusudia kukirudisha kisa cha Wazimba kwa msimulizi wake, na kukisoma kama matini ya kifasihi yenye mtunzi, hadhira, na tanzu zilizoikuza. Hoja inayotetewa ni kwamba Mzimba wa Kilwa na Mombasa, kama alivyotufikia, ni mhusika aliyefinyangwa kwa udongo wa aina tatu: ngano za pwani, mahubiri ya kanisani, na msiba wa mtawa aliyefiwa na ndugu yake wa shirika. Alama iliyo wazi kuliko zote ya ufinyanzi huo ni jambo ambalo msomaji wa Kisumu au wa Lisbon anaweza kulipita, lakini ambalo msomaji wa Bongwe, nyuma ya ufuo wa Diani, hawezi kulikosa. Jeshi lote hilo linapita katika nchi ya Kwale, na kitabu hakina la kusema.

Kwanza, mtawa mwenyewe. Dos Santos alikuwa mzaliwa wa Évora, na alijiunga na Shirika la Wahubiri, ndilo lililoanzishwa na Mtakatifu Dominiko. Aliondoka Lisbon mwezi Aprili mwaka 1586, akafika kisiwa cha Msumbiji mwezi Agosti, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa Sofala pamoja na mtawa mwenzake João Madeira. Hapo alikaa hadi 1590, akijenga, akifundisha na kubatiza. Kwa hesabu yake mwenyewe aliwabatiza karibu watu 1,700. Kisha alipanda mto Zambezi akahudumu Sena na Tete, akarudi Msumbiji mwaka 1591, akapelekwa katika visiwa vya Kirimba, kusini ya Rasi ya Delgado, alikoishi takriban miaka miwili miongoni mwa Waislamu wa pwani na Wareno wachache wenye mashamba. Baadaye alirudi Sofala, akaenda Goa mwaka 1597, hatimaye akafika kwao Ureno na kukiandika kitabu. Mwaka 1617 alirudi tena Mashariki, na mwaka 1622 akafia Goa. Kati ya watawa wote wa zama zile waliokanyaga pwani hii, hakuna aliyeiandika kwa mapana kama yeye. Fransisko Xaveri, aliyepita Malindi mwaka 1542, aliacha kurasa chache tu ndani ya barua.

Wasifu huu mfupi una jambo moja lenye uzito mkubwa kwa uhakiki. Makazi yake yote ya kitume yalikuwa kusini ya Rasi ya Delgado. Wakati Kilwa inaanguka alikuwa Sofala. Wakati Mombasa inaanguka, Machi 1589, alikuwa Sofala bado. Aliyoyaandika juu ya miji hiyo miwili aliyasikia.

Tofauti kati ya aliyoyaona na aliyoyasikia inaonekana hata katika mtindo. Anapozungumzia Sofala, dos Santos ni mwangalizi wa kupendeza. Kuna ukurasa unaotajwa sana na wataalamu wa viumbe, ambapo anaeleza juu ya ndege mdogo aliyezoea kuingia kanisani kula nta ya mishumaa madhabahuni, na ambaye porini huwaita watu, akiruka tawi hadi tawi, mpaka awafikishe kwenye mzinga. Watu wakishatwaa asali, yeye hula nta iliyobaki. Haya ni maelezo ya awali kabisa yaliyochapishwa ya ndege anayeongoza watu kwenye asali, na kila mfugaji nyuki atayathibitisha. Sentensi zake hapo ni za mtu aliyesimama, akatazama, akacheka kidogo. Hakuna mafunzo, hakuna shetani. Ndege anakula mshumaa wa misa na mtawa anamwandika tu. Msomaji amkumbuke ndege huyo, kwani hataonekana tena mwandiko wa namna hiyo tutakapofika Kilwa.

Kisa cha Wazimba, kwa muhtasari, kinakwenda hivi. Mkuu mmoja wa Wazimba, mwenye kijiji kidogo tu, alishikwa na tamaa ya sifa akaazimia kutoka kwao na kupigana na kila taifa atakalokutana nalo, akiua na kula kila chenye uhai, isipokuwa wale watakaokubali kufuatana naye. Alipofika mbele ya Kilwa alikuwa na wapiganaji 15,000. Kisiwa kilimzuia kwa muda, mpaka mkazi mmoja alipovuka usiku kwa siri na kumwonyesha mahali ambapo bahari ikipwa watu huweza kupita kwa miguu, kwa sharti kwamba yeye na jamaa zake wasalimike. Wazimba wakaingia, na watu zaidi ya 3,000 wakauawa au kutekwa ili waliwe. Kisha mkuu yule akaamuru yule msaliti na jamaa zake wafungwe na kutoswa baharini, akisema kwamba mtu aliyeuza ndugu zake hafai hata kuliwa. Na awe chakula cha samaki.

Kutoka hapo jeshi linaifuata pwani hadi bara inayokikabili kisiwa cha Mombasa. Mombasa ilikuwa na baharia wa Kituruki, Mir Ali Bey, na merikebu zake, naye alikuwa amekipa ulinzi kivuko cha bara, kile ambacho wanahistoria wamekitambua kuwa cha Makupa. Wakati huohuo manowari za Wareno kutoka Goa, chini ya Tomé de Sousa Coutinho, zikaingia bandarini na kuziteka merikebu za Waturuki. Mkuu wa Wazimba akampelekea Mreno ujumbe kwamba kwa kuwa Wareno wameshamaliza shughuli yao, naye anaomba ruhusa amalize yake. Ruhusa ikatolewa. Wazimba wakavuka, wakaua, na watu wakajitupa baharini wakipendelea kuokotwa na Wareno, akiwemo Mir Ali Bey mwenyewe, aliyechukuliwa utumwani na, kwa maelezo ya mtawa, akabatizwa mwishowe huko Ureno. Wazimba wakaendelea hadi Malindi, na huko, walipokuwa wanapanda ukuta wa mji uliolindwa na watu wa Malindi pamoja na Wareno wapatao thelathini, wakashambuliwa kwa nyuma na Wasegeju 3,000. Hawakusalia ila mia na ushei, pamoja na mkuu wao, ambao walirudi kwao kwa njia ileile waliyojia.

Kwa njia ileile waliyojia. Maneno haya yanastahili kusimamiwa. Kutoka Kilwa hadi Mombasa, kwa ndege, ni zaidi ya kilomita 500, na sehemu ya mwisho ya njia hiyo, kutoka mto Umba hadi kivuko cha Likoni, ni nchi ambayo leo huitwa Kwale. Si nchi tupu, na haikuwa tupu wakati ule. Kulikuwa na Vumba upande wa kusini. Kulikuwa na miji ya mawe ambayo magofu yake yangalipo Tiwi. Kulikuwa na Diani, ambako msikiti wa Kongo ungalisimama kwenye mlango wa mto Mwachema. Mtu akitoka Bongwe kwenda ufuoni huko hahitaji siku nzima kwa miguu. Kulikuwa na mito ya kuvuka: Umba, Ramisi, Mkurumudzi, Mwachema, na kila mmoja una mikoko na matope ya kumtaabisha mpita njia mmoja, sembuse watu 15,000. Jeshi la ukubwa huo, lililoazimia kula kila chenye uhai, linaipita nchi hii mara mbili, la kwanza kwa ushindi na la pili kwa aibu, na dos Santos hataji mji uliochomwa, mto uliovukwa, wala mtu aliyekimbia. Msimulizi aliyemfuata ndege mdogo tawi kwa tawi analivusha jeshi zima kwa sentensi moja.

Inaweza kujibiwa kwamba mtawa hakuijua nchi hiyo, na kwa hivyo hakuwa na la kusema. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Hakuiona Kilwa siku ya maangamizi, na bado anajua alichosema mkuu wa Wazimba wakati wa kumtosa msaliti. Ukimya wake basi hautokani na kutoona peke yake. Unatokana na utanzu. Kisa alichokipokea kilikuwa tayari kimekatwa na kushonwa kwa kipimo cha hadithi, na hadithi za aina hii hazina haja ya nchi ya katikati. Zina haja ya vituo.

Hapo ndipo zimwi linapoingia. Yeyote aliyelelewa na ngano za pwani atatambua umbo la kisa hiki kabla ya kuambiwa. Kuna mlaji anayetoka mbali, asiye na jina, ambaye kila akila huzidi kuwa mkubwa: alianza na kijiji, akafika Kilwa na wapiganaji 15,000. Kuna miji mitatu, na mlaji anashinda mara mbili na kushindwa mara ya tatu. Kuna mlango wa siri unaofunguliwa na mtu wa ndani. Kuna msaidizi anayetokea ghafla nyuma ya mlaji wakati ukuta umekwisha kupandwa. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na msaliti wa Kilwa ndiye mtu aliyeiamini methali hiyo akaenda kujulikana na zimwi usiku, naye, kwa kejeli ambayo msimulizi mzuri yeyote wa ngano angeiona mara moja, ndiye pekee ambaye zimwi lilikataa kumla. Ni shida kuamini kwamba ustadi huu ulizaliwa Évora. Dos Santos alikaa Kirimba kuanzia 1592, katika visiwa ambavyo majahazi ya kutoka Kilwa yaliweza kuvifikia kwa siku chache za upepo mzuri, na yumkini huko ndiko alikokisikia kisa hiki kwa watu ambao miaka michache tu ilikuwa imepita tangu mauti hayo. Habari za Kilwa zilizoandikwa kwa Kiarabu zilikoma mapema katika karne hiyo, na hazimfikii Mzimba. Kwa maana hiyo kitabu cha mtawa, bila yeye kukusudia, huenda ndicho kilichotuhifadhia kipande cha masimulizi ya Waswahili wa karne ya 16 kikiwa karibu na umbo lake: watu wa Kilwa wakijieleza, kwa chombo walichokuwa nacho, jinsi mji wao ulivyokufa.

Lakini chombo hicho kilimwagwa ndani ya kingine. Wadominika ni Shirika la Wahubiri, na mhubiri wa zama zile alifunzwa kukusanya visa vifupi vya kufunzia, ambavyo kila kimoja hubeba adhabu inayolingana na dhambi. Aliyewauza ndugu zake kupitia maji, anakufa kwa maji. Maneno ya mkuu wa Wazimba ufuoni ni mahubiri kamili, na ajabu yake ni kwamba yametiwa kinywani mwa mtu ambaye sentensi chache nyuma alikuwa mnyama. Mla watu anageuka kuwa hakimu, tena hakimu mwadilifu. Mhakiki hana budi kuuliza: je, mla watu wa kweli angelikuwa na daraja za wanaofaa na wasiofaa kuliwa kwa sababu za maadili? Swali hilo si la dhihaka. Linaonyesha mahali ambapo mshono wa kisa unafunguka na sauti mbili zinasikika pamoja, ya msimulizi wa pwani aliyemchukia msaliti, na ya mtawa aliyemwona Yuda.

Udongo wa tatu ni wa msiba, na huu ndio uliosahauliwa zaidi. Mwaka 1592 Wazimba wa ng'ambo ya Zambezi walipigana na Wareno wa Sena na Tete. Kapteni wa Tete, Pedro Fernandes de Chaves, alikuja na watu wake kumsaidia mwenzake wa Sena, André de Santiago, akavamiwa njiani, na kikosi chake kikaangamia. Pamoja nao alikuwa mtawa wa Kidominika, Nicolau do Rosário. Alikamatwa akiwa amejeruhiwa, akafungwa kwenye mti, akauawa kwa mishale. Kesho yake, anaandika dos Santos, mkuu wa Wazimba alijitokeza mbele ya boma la Santiago akiwa amevaa kasula ambayo marehemu alikuwa ameichukua kwa ajili ya misa, mkono wa kushoto ameshika kikombe cha misa na wa kulia mkuki, na kichwa cha Chaves kikibebwa juu ya mkuki mwingine.

Dos Santos alikuwa amehudumu katika mji huohuo wa Tete muda mfupi tu kabla. Alilijua Shirika lilivyokuwa dogo pande zile. Watawa hao walikuwa wachache kiasi kwamba kila mmoja alikuwa na jina na uso. Picha ya mlaji aliyevaa kasula ndiyo picha kali kuliko zote kitabuni, na ni wazi kwamba haikumtoka. Sehemu ya pili ya Ethiopia Oriental inahusu kwa kiasi kikubwa utume wa Wadominika katika nchi za Mashariki, na katika mpango huo Nicolau do Rosário ni mfia dini, si askari mmoja zaidi aliyekufa vitani. Na mfia dini huhitaji muuaji anayelingana naye. Hawezi kuuawa na watu waliokuwa wakigombea njia za biashara ya pembe na nafasi kwenye mto. Sharti auawe na kitu kinachosimama mkabala na ubinadamu wote.

Sasa mpangilio wa miaka unapata maana. Kilwa ni 1587, Mombasa ni 1589, Sena ni 1592, na kitabu ni 1609. Mtunzi anapoziandika Kilwa na Mombasa, Nicolau ameshakufa. Wazimba waliomwua ndio wanaowapa sura Wazimba waliotangulia. Jina moja linafunika makundi ambayo hakuna hakika yalikuwa moja, na ulaji watu, ambao Zambezi ulikuwa sehemu ya maombolezo yake, unarudishwa nyuma miaka mitano na kupelekwa kaskazini hadi Malindi. Wanahistoria wamebishana juu ya hili kwa njia yao. Malyn Newitt mwaka 1982 na Matthew Schoffeleers mwaka 1987 waliwatafuta Wazimba katika siasa za Wamaravi na dola ya Lundu. Eric Allina mwaka 2011 aliuhoji moja kwa moja usemi wa ulaji watu na matumizi yake. Hata hivyo jina lina nguvu: Giancarlo Casale, katika makala yake ya 2007 juu ya njama za Waosmani, aliwaweka walawatu 20,000 katika kichwa cha makala, pengine kwa mzaha, lakini mzaha huo usingewezekana bila mtawa wa Évora. Mabishano ya wanahistoria yanahusu Wazimba walikuwa nani. Swali la mhakiki wa fasihi liko kando kidogo, nalo ni kazi gani mhusika huyu anaifanya katika kisa.

Na kazi anayoifanya Mombasa si ndogo. Tazama tena ule ujumbe: Wareno wamemaliza shughuli yao, Mzimba anaomba amalize yake. Aliyekuwa na mizinga bandarini ni Tomé de Sousa Coutinho. Aliyeziondoa merikebu zilizokuwa zinalinda mji ni yeye. Aliyetoa ruhusa ni yeye. Dos Santos anayaandika haya bila kuficha, na kwa hilo anastahili heshima. Lakini anayaandika pia bila kutetemeka, kwa kuwa zimwi likishaingia katika hadithi, hakuna msomaji anayeutazama mkono uliolifungulia mlango. Ajabu ni kwamba kisa cha Kilwa kilikuwa kimetufundisha kumtazama mtu huyohuyo, mfungua kivuko. Kilwa, anayemwonyesha Mzimba njia ya kuvukia anatoswa baharini kwa fedheha. Mombasa, anayemruhusu Mzimba kuvuka anarudi Goa mshindi. Visa viwili vimesimama kurasa chache tu mbali, vina maji yaleyale yanayopwa, na mtunzi hakuvilinganisha. Hakuna sehemu ya kitabu inayomwonyesha vizuri zaidi jinsi alivyoweza kuona na kutoona kwa pamoja.

Wako, hata hivyo, wahusika mmoja ambao hawakumezwa na hadithi, na kwao msomaji wa Kwale ana la kushika. Nao ni Wasegeju. Dos Santos anawaeleza kama wafugaji wanaokunywa maziwa na damu ya ng'ombe, ambao vijana wao hujipaka udongo vichwani ukawa kama kofia ngumu, wasiuvue mpaka wameua adui vitani. Maelezo hayo yana harufu ya kitu kilichoonwa na mtu, hata kama si yeye. Muda mfupi baada ya 1589 Wasegeju waliingia Mombasa, na mji huo ukawa wa mtawala wa Malindi, aliyehamia huko katika miaka ya mwanzo ya 1590. Kisha wanatoweka katika hadithi ya mtawa, kama msaidizi wa ngano anavyotoweka zimwi likishakufa.

Katika historia hawakutoweka. Walishuka kusini. Habari za Vumba, ambazo A. C. Hollis alizichapisha mwaka 1900, zinawataja kama washirika wa Wavumba, na hadi leo wapo Shimoni, Vanga na kuendelea hadi Tanga, wakiwa ni Waislamu, wavuvi na wakulima, wakizungumza lugha iliyo karibu sana na Kidigo. Ndugu zao wa Daiso, upande wa Tanzania, walibaki na lugha ya asili, ambayo Derek Nurse aliionyesha kuwa jamaa ya Kikamba na lugha za eneo la Mlima Kenya. Basi, katika pwani ileile ambayo dos Santos aliiacha tupu, ndimo walimoishia mashujaa wa kisa chake. Kama angaliifuata njia waliyorudia wale Wazimba mia na ushei, angaliifuata pia, bila kujua, njia ya Wasegeju.

Pana kishawishi hapa cha kuyachukua masimulizi ya Wadigo na kuyatumia kama fimbo ya kumpigia mtawa. Kishawishi hicho kikataliwe. Masimulizi ya Mijikenda, kama Thomas Spear alivyoyakusanya na kuyachambua katika The Kaya Complex ya 1978, yanaanzia Shungwaya na kuja kusini. Adui wake ni Waoromo, ambao wazee huwaita Wagala, na makazi ya kwanza ya Wadigo ni Kaya Kwale, juu katika vilima vya Shimba. Uhamaji huo, kwa makadirio ya wengi, unaangukia karne ileile ya 16. Kwa hiyo katika nchi moja, kwa wakati mmoja, tuna simulizi mbili kubwa za mwendo: moja inatoka kusini ikiwa na mlaji, nyingine inatoka kaskazini ikiwa na wakimbizi na fingo. Haziamkiani. Simulizi ya kaya nayo ina watunzi wake, ina kazi yake ya kuhalalisha uzee, ardhi na viapo, na haikutungwa ili kujibu maswali ya Goa. Msitu wa Kaya Muhaka, jirani na Bongwe, na ule wa Kaya Kinondo ufuoni, ni maktaba ya aina nyingine, yenye ukimya wake pia. Kinachoweza kusemwa ni kwamba ukimya wa kitabu haumaanishi utupu wa nchi, na kwamba aliyeyaandika matini haya juu ya vita hivyo alisimama mbali nayo kwa bahari na kwa huzuni.

Matokeo ya kisiasa yalikuja upesi. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu. Mwaka 1597 watawa wa Kiagostino walifungua nyumba yao Mombasa. Kiswahili kilipokea maneno ya wageni hao kwa ukarimu, meza na leso na bendera na kasha, na miongoni mwake neno la Kireno la kanisa, igreja, ambalo kwa wenyeji likawa gereza. Wanaisimu hulitaja jambo hili kama mfano wa kuhama kwa maana. Huenda pia ni uhakiki mfupi kuliko wowote uliowahi kuandikwa juu ya zama zile.

Dos Santos hakuyaona hayo yakikomaa. Alipofariki Goa mwaka 1622, ilikuwa bado miaka tisa kabla ya Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme aliyelelewa na Waagostino huko huko Goa na kubatizwa Dom Jerónimo, kuitwaa Ngome ya Yesu kwa upanga, mwezi Agosti 1631. Mauti ya mwaka huo yalizaa mafaili ya ushahidi na majina mengi, kwa sababu kanisa lilikuwa linatafuta wafia dini wake. Mwaka 1589 haukuwa na mafaili. Katika kurasa za mtawa juu ya kuanguka kwa Mombasa wenye majina ni kapteni wa Kireno na baharia wa Kituruki. Waliojitupa baharini hawana. Msaliti wa Kilwa hana. Na mkuu wa wapiganaji 15,000, aliyetembea kutoka Zambezi hadi Malindi na kurudi, akapita mara mbili nyuma ya ufuo wa Diani, naye hana.